Mishipa iliyofura miguuni isingojewe hadi izae donda ndugu

MISHIPA ya damu iliyofura na kujisokota chini ya ngozi ya miguu ni jambo ambalo watu wengi hulifumbia macho kwa miaka mingi. Mwanamke huongeza urefu wa sketi, mwanamume huendelea kuvaa suruali yake ndefu, na wote wawili hujiambia kuwa hizo ni alama tu za umri au za kazi nyingi.

Mara nyingi huwa hawajakosea sana, kwa kuwa wengi wenye mishipa hiyo hawapatwi na dhara kubwa. Hata hivyo, kwa baadhi yao mishipa iyo hiyo ndiyo chanzo cha kidonda kisichopona juu ya kifundo cha mguu, kidonda sugu cha aina ambayo Waswahili huita donda ndugu. Kidonda hicho huoshwa, hupakwa dawa na kufungwa bendeji miezi nenda miezi rudi, ilhali mshipa unaokilisha haujaguswa.

Sehemu ya tatizo ni lugha yenyewe. Neno mshipa limebebeshwa mzigo mzito katika Kiswahili. Mshipa ni ule unaopeleka damu kutoka moyoni, ni ule unaoirejesha, ni neva inayopeleka hisia, na wapo wanaolitumia wakimaanisha ngiri. Kwa hivyo, mgonjwa anayemwambia tabibu kwamba "anaumwa na mshipa" huwa hajamwambia mengi. Mishipa inayozungumziwa hapa ni vena, yaani ile inayorejesha damu moyoni.

Damu hupanda vipi?

Moyo hupeleka damu hadi kwenye vidole vya miguu kwa nguvu zake wenyewe, kupitia ateri. Kazi iko katika kurudi. Damu iliyo kwenye unyayo wa mtu mzima aliyesimama hupaswa kupanda zaidi ya mita moja ili kuufikia moyo. Nguvu kubwa ya kuipandisha hutoka kwenye misuli ya shavu la mguu. Kila mtu apigapo hatua, misuli hiyo hujikaza na kuzikamua vena zilizomo ndani yake, nayo damu husukumwa juu. Ndani ya vena mna vali, vilango vidogo vinavyofungukia upande wa juu pekee, ambavyo hujifunga mara damu inapotaka kuporomoka.

Vali hizo zilielezwa kwa kina na Hieronymus Fabricius, profesa wa Chuo Kikuu cha Padua nchini Italia, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1603, ingawa hakuielewa kazi yake halisi. Aliyeitambua ni mwanafunzi wake, Mwingereza William Harvey, aliyeeleza mzunguko wa damu mwaka 1628. Harvey alifunga mkono wa mtu juu ya kiwiko hadi vena zikatuna, akabonyeza vena moja kwa kidole na kuikamua kuelekea juu kwa kidole cha pili. Sehemu aliyoikamua ilibaki tupu hadi alipoondoa kidole cha kwanza. Damu ilikuwa imekataa kurudi nyuma.

Mtu anaposimama wima bila kusogea, shinikizo la damu ndani ya vena za kifundo cha mguu hufikia takriban milimita 90 za zebaki. Akianza kutembea, shinikizo hilo hushuka hadi chini ya 30 baada ya hatua chache tu. Kwa mtu ambaye vali zake zimeharibika, halishuki ipasavyo, kwa maana damu iliyokamuliwa juu huteremka tena. Ukuta wa vena hutanuka, vilango vya vali iliyo jirani hushindwa kukutana, nayo pia huanza kuvuja. Vena inayoathiriwa mara nyingi zaidi ni ile iliyo ndefu kuliko zote mwilini, ambayo hupita chini ya ngozi kutoka upande wa ndani wa kifundo cha mguu hadi kwenye kinena.

Wataalamu huitofautisha mishipa hii kwa upana wake. Ile isiyofikia milimita moja, ambayo hutapakaa mithili ya utando wa buibui na kuwa na rangi nyekundu au ya zambarau, huitwa mishipa ya buibui. Ile yenye upana wa milimita tatu au zaidi mtu akiwa amesimama, iliyotuna na kupindapinda kama kamba, ndiyo vena zilizofura, ambazo madaktari huziita varikosi. Ya kwanza kwa kawaida ni suala la sura ya ngozi tu. Ya pili ndiyo inayopaswa kuangaliwa kwa makini.

Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, rangi si kigezo cha kutegemewa. Wekundu unaoandikwa vitabuni huenda usionekane kabisa, na ngozi iliyowashwa na maradhi haya hugeuka nyeusi zaidi au ya kijivujivu. Ni afadhali mtu asimame mahali penye mwanga wa kutosha kwa dakika chache, kisha apapase mguu kwa kiganja upande wa ndani wa goti na nyuma ya shavu la mguu. Vena iliyofura hutambulika kwa kuguswa hata pale isipoonekana.

Ni akina nani wanaopatwa?

Urithi ndio wa kwanza. Mtu ambaye wazazi wake wote wawili walikuwa na mishipa hii ana uwezekano mkubwa wa kuipata pia. Umri huongeza hatari, kadhalika uzani uliozidi. Wanawake huathirika zaidi, hasa kutokana na uja uzito: kiasi cha damu mwilini huongezeka, homoni hulegeza kuta za vena, na mji wa mimba huzikandamiza vena kubwa za nyonga. Habari njema ni kwamba mishipa mingi inayojitokeza wakati huo hunywea yenyewe katika miezi inayofuata baada ya kujifungua. Ndiyo sababu madaktari hawapendelei kuitibu kwa sindano wala upasuaji kabla ya mtoto kuzaliwa.

Imani kwamba kukunja miguu mmoja juu ya mwingine mtu anapoketi huleta maradhi haya imeenea mno, lakini haina ushahidi wa maana. Kusimama au kuketi mahali pamoja kwa saa nyingi ndiko kunakohusishwa nayo. Walimu, wauguzi, wasusi, wapishi wa mikahawani, mabawabu na wahudumu wa maduka makubwa wamo katika kundi hili. Mshonaji anayeinamia cherehani ya umeme kiwandani kutwa nzima hajasalimika pia, kwani misuli ya shavu la mguu wake hulala tu.

Hapa pana jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nchini Kenya inamtaka mwajiri kuweka viti vya kufaa kwa wafanyakazi ambao wana nafasi ya kuketi bila ya kazi yao kuathirika. Bawabu anayekatazwa kuketi langoni usiku kucha, au mhudumu anayesimamishwa nyuma ya kaunta hata pasipo na mteja, hajanyimwa starehe bali haki. Mwajiri anayedhani kiti ni dalili ya uvivu angefanya vyema kuisoma sheria hiyo.

Kuhusu kinga, ukweli ni kwamba hakuna awezaye kuyazuia maradhi haya kikamilifu, kwa kuwa hakuna achaguaye wazazi. Linalowezekana ni kuyachelewesha na kupunguza adha yake. Kutembea ndiyo dawa iliyo rahisi zaidi, kwa sababu kila hatua ni pigo moja la pampu ya mguu. Anayelazimika kusimama anaweza kuinua visigino na kuvishusha mara kumi au ishirini kila baada ya muda mfupi. Anayesafiri kwa basi la usiku kutoka Mombasa hadi Busia ashuke na kunyoosha miguu basi linapotua, na akiwa kitini achezeshe vifundo vya miguu. Jioni, mtu anaweza kulala chali kwa dakika 15 miguu ikiwa imeinuliwa juu ya mito kupita kiwango cha moyo. Kuiweka miguu juu ya kigoda huku umeketi ni bora kuliko kutofanya lolote, ila haitoshi.

Soksi za kubana nazo zina historia ya kuvutia. Conrad Jobst, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akiishi Toledo, Marekani, alikuwa akiugua vena mwenyewe. Alitambua kuwa maumivu yalipungua aliposimama ndani ya kidimbwi cha kuogelea, kwa kuwa uzito wa maji huubana mguu zaidi kadiri unavyokwenda chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akatengeneza soksi zilizoiga maji hayo: hubana kwa nguvu zaidi kwenye kifundo na kulegea kuelekea juu.

Soksi hizo huvaliwa asubuhi kabla mguu haujavimba, na huvuliwa wakati wa kulala. Hupunguza uzito na uvimbe miguuni, lakini haziponyi vali iliyoharibika. Soksi ya kawaida yenye mpira unaokaza chini ya goti haifanyi kazi hiyo, bali huenda ikafanya kinyume chake. Aidha, mtu mwenye kisukari, au ambaye ateri za miguu yake zimeziba, asizivae kabla daktari hajalinganisha shinikizo la damu la kifundo cha mguu na la mkono. Mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa, ngozi yaweza kufa.

Dalili zisizopuuzwa

Kwa kawaida maradhi huanza kwa miguu kuwa mizito jioni, mwasho, misuli kukaza usiku na uvimbe kwenye vifundo unaotoweka alfajiri. Yakiendelea, damu inayokwama huvujia kwenye nyama na kuacha madini ya chuma, ngozi ya juu ya kifundo ikawa na rangi ya kahawia iliyokoza au nyeusi. Ngozi hiyo baadaye huwa ngumu, ikakauka na kuwasha. Hapo ndipo jeraha dogo, pengine la kujikuna au kugongwa na kijiti shambani, hukataa kupona.

Wengi katika hatua hii hununua viuavijasumu dukani. Dawa hizo zina kazi iwapo kidonda kimeingiwa na viini, ila haziondoi shinikizo linalokizuia kufunga. Kinachohitajika ni bendeji za kubana zinazofungwa na mtu aliyefunzwa, pamoja na kuutibu mshipa wenyewe. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 450 wenye vidonda vya namna hii, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la New England Journal of Medicine, ulithibitisha jambo hilo. Wagonjwa wote walifungwa bendeji za kubana. Nusu ya wale waliotibiwa vena mapema, katika muda wa wiki mbili, walikuwa wamepona kufikia siku ya 56. Kwa wale waliocheleweshewa matibabu hayo, ilichukua siku 82.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2013 na taasisi ya NICE, ambayo huishauri serikali ya Uingereza kuhusu ubora wa tiba, unasema mtu mwenye kidonda cha aina hii chini ya goti ambacho hakijapona baada ya wiki mbili apelekwe kwa wataalamu wa mishipa. Wiki mbili! Nchini Kenya ni jambo la kawaida kumkuta mtu aliyekaa na kidonda kama hicho kwa miaka.

Eneo la Pwani lina utata wake. Mguu uliovimba huko huweza kuwa wa matende, maradhi yanayoletwa na minyoo inayosambazwa na mbu, na ambayo bado hupatikana katika kaunti za Pwani. Matende huziba mirija ya limfu wala si vena, na matibabu yake ni tofauti. Mtu asijiamulie mwenyewe, wala asiamuliwe na jirani.

Kuna dharura mbili ambazo kila mwenye mishipa hii hana budi kuzifahamu. Ya kwanza ni kuvuja damu. Vena iliyofura karibu na ngozi ikipasuka, hata kwa kukwaruzwa tu bafuni, hutoa damu nyingi kwa sababu ya shinikizo lililomo, na wapo waliofariki hivyo wakiwa wameketi wakiitazama. Mtu huyo alale chini mara moja, mguu uinuliwe juu ya kiwango cha moyo, na mahali panapovuja pabonyezwe kwa kitambaa safi kwa dakika zisizopungua 10 bila kufunuafunua. Kufunga kamba juu ya jeraha, ambako ndiko wengi hukimbilia, huzuia damu kurudi moyoni na kwaweza kuzidisha uvujaji. Baada ya hapo aende hospitalini, hata kama damu imekoma.

Ya pili ni mguu mmoja kuvimba ghafla, ukawa na joto na maumivu kwenye shavu la mguu. Hiyo huweza kuwa damu iliyoganda katika vena za ndani. Bonge hilo likikatika na kusafiri hadi mapafuni, mgonjwa hushindwa kupumua na anaweza kufa. Hapaswi kukandwa wala kuchuliwa mguu. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Tiba zilizopo

Hatua ya kwanza ni kupimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile ile inayotumiwa kuwachunguza wajawazito, mgonjwa akiwa amesimama. Picha huonyesha vali ipi inavuja, na iwapo vena za ndani ziko wazi. Daktari anayependekeza upasuaji kwa kuutazama mguu kwa macho pekee anastahili kuulizwa maswali.

Kwa takriban karne nzima tiba ilikuwa ni kuifunga vena kwenye kinena na kuing'oa mguuni, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Njia hiyo ingalipo na hufanya kazi. Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 imekuwa ikiachia nafasi njia ya joto. Daktari hupitisha mrija mwembamba ndani ya vena kupitia tundu la sindano, kwa kawaida karibu na goti, akiuongoza kwa picha za mashine hiyo. Baada ya kuizungushia vena ganzi, huichoma kutoka ndani kwa leza au kwa mawimbi ya redio, ambayo hufikisha nyuzijoto 120. Vena hujikunja na kujifunga, na mwili huifyonza taratibu. Mgonjwa hutoka akitembea siku hiyo hiyo, tena huhimizwa kutembea.

NICE iliitaja njia ya joto kuwa ya kwanza, ikifuatwa na sindano ya povu, kisha upasuaji wa kuing'oa vena. Soksi za kubana zikaachiwa wale ambao hawafai kwa njia hizo zote. Povu hilo hutengenezwa kwa kuchanganya dawa ya kuunguza ukuta wa vena na hewa, kwa bomba mbili za sindano, mbinu iliyobuniwa na Mwitaliano Lorenzo Tessari mwaka 2000. Ni nafuu zaidi, ila vena zilizotibiwa hivyo hufunguka tena mara nyingi zaidi kuliko zilizochomwa. Ipo pia gundi ya kuzibia vena, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015.

Swali ambalo karibu kila mgonjwa huuliza ni hili: damu itapita wapi vena ikishazibwa? Jibu ni kwamba takriban asilimia 90 ya damu ya mguu hurudi kupitia vena za ndani, zilizo kati ya misuli. Vena ya juu inayovuja haikuwa ikisaidia, bali ilikuwa ikirudisha chini damu iliyokwisha kupandishwa. Madaktari wa moyo nao huikata vena iyo hiyo, ikiwa nzima, ili kuunganishia ateri za moyo zilizoziba, upasuaji ulioendelezwa na Mwargentina René Favaloro huko Cleveland, Marekani, kuanzia mwaka 1967. Wagonjwa wao hutembea bila tatizo.

Mishipa ya buibui hutibiwa kwa sindano ndogondogo za dawa hiyo ya kuunguza, na huhitaji kurudiwa mara kadhaa. Wenye ngozi nyeusi watahadhari kabla ya kulipa. Sindano huweza kuacha madoa meusi yanayokaa miezi mingi, na leza inayoelekezwa juu ya ngozi isipokuwa ya aina inayofaa, au ikiwa mikononi mwa asiyeijua ngozi hiyo, huweza kuibabua na kuacha mabaka meupe. Saluni si mahali pa shughuli hii, hata iwe imepambwa namna gani.

Kuhusu vidonge, vile vyenye diosmini hupunguza uzito na uvimbe wa miguu kwa baadhi ya wagonjwa. Havirudishi vali wala havifuti mshipa. Hakuna mafuta ya kupaka, siki wala kitunguu saumu kilichothibitishwa kuifuta vena iliyofura. Anayechanjwa chale juu ya mshipa huo ili "damu chafu" itoke huwa anachokoza uvujaji ulioelezwa hapo juu, na pengine kidonda.

Huduma za joto na povu hupatikana zaidi katika hospitali za miji mikubwa, na bei hutofautiana sana. Kabla ya kukubali, mgonjwa aulize kama bima yake huyachukulia matibabu hayo kuwa tiba au urembo, kwa kuwa jibu hutegemea jinsi daktari atakavyoandika: ngozi iliyobadilika, uvimbe au kidonda ni ugonjwa. Mama anayetarajia kupata mtoto mwingine karibuni anaweza kushauriwa avae soksi na kusubiri, kwani mimba ijayo huenda ikaleta mishipa mipya. Hata kwa aliyetibiwa vyema, mingine huweza kuchomoza mahali tofauti baada ya miaka, na hapo hurudi kupimwa upya.